Tiketi ya Akropoli na mitego yake

Jua la Athens linavumilika. Tiketi ya Akropoli, yale magofu ya kale juu ya kilima, ndiyo kero. Unalipa mtandaoni, unachagua saa ya kuingia, ukichelewa zaidi ya robo saa basi imekula kwako. Haya, kikomo cha watu 20,000 kwa siku kina maana yake. Lakini kwa nini wasiandike kwa herufi kubwa kwamba tiketi hiyo haikuingizi Makumbusho ya Akropoli, pale chini ya kilima? Kule kuna tiketi yake, na ndiko ziliko Kariatidi tano halisi, zile nguzo zenye umbo la wanawake. Zinazopigwa picha juu kwenye hekalu la Erechtheion ni nakala tupu! (Ya sita iko London, hiyo ni kero nyingine kabisa.)

Halafu wote mnarundikana lango la magharibi, wakati lango la kusini-mashariki, jirani na makumbusho, mara nyingi lina nafuu. Begi kubwa haliingii. Na ndara acheni hotelini jamani. Marumaru ile imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza hata ikiwa kavu. Julai chukua saa ya asubuhi, maana joto likizidi eneo hufungwa mchana kwa saa kadhaa.