Mikono ya monita: kwangu mimi nguzo kwanza, springi baadae

Meza yangu ilivunjika saa nane usiku. Nlikuwa nimelala, nikasikia "kraa" kutoka sebuleni, nikajisemea paka wa jirani huyo kaingia tena, nikageukia upande wa pili. Asubuhi nakuta monita ya inchi 27 imelala kifudifudi juu ya kibodi, mkono wake (kile chuma kinachobanwa kwa klampu kwenye ukingo wa meza na kuibeba monita hewani badala ya stendi) unaning'inia kwenye kebo, na ukingo wa nyuma wa meza umemeguka kama andazi la juzi. Kioo kilipona, sijui kwa dua ya nani.

Ule mkono niliununua Kariakoo, ni ile ya springi ya gesi, unausukuma kwa kidole kimoja unapanda, unauvuta unashuka, muuzaji akaniuzia kwa kuuchezesha chezesha tu mbele yangu na mimi nikalainika. Na kiukweli mkono haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la meza, na la mimi niliyeamini meza, maana ni zile za unga wa mbao uliogandishwa na gundi halafu juu wanapaka karatasi yenye picha ya mbao. Ukiiona unasema mninga, ukiikwangua unakuta uji.

Piga hesabu uone. Monita ya kilo 6, mkono umenyooka sentimita 50 kutoka pale klampu ilipobana. 6 mara 50 unapata 300. Klampu yenyewe imeng'ata meza sentimita 10 tu, sasa 300 gawa kwa 10, ni kama kilo 30 zinapambana na kale kaukingo mchana na usiku, hapo sijaweka uzito wa mkono wenyewe na sijaweka mtoto anayepita akauparamia. Jaza maji ndoo lita sita uinyooshe mbele kwa mkono mmoja, uone bega litakwambia nini baada ya dakika moja. Meza inafanya hivyo miezi na miezi haisemi, siku ikisema ndo kama hivyo saa nane usiku.

Dawa yake ni rahisi na ningeijua mapema ningeokoa meza: chini na juu ya ukingo unaweka kibati kinene au kipande cha mbao ngumu, upana kama kiganja au zaidi, ndo klampu ikabane hapo ili nguvu isambae. Meza ya kioo usijaribu kabisa, hata uweke nini.

Sasa baada ya hapo ndo nikaanza kujiuliza swali ambalo nadhani wengi hatujiulizi kabla ya kutoa hela. Hivi mimi hii monita huwa naihamisha mara ngapi? Nikakumbuka siku nilipoufunga ule mkono niliuchezea kama nusu saa hivi, nikamwita na wife aje aone, ukapanda ukashuka, tukacheka, halafu nikauweka pale unapotakiwa kukaa na sikuugusa tena mpaka ulipoanguka wenyewe. Yaani nililipia springi ya kuinua na kushusha halafu nikaitumia kama msumari.

Na springi ina mambo yake. Asili yake kwanza inanifurahisha, maana mikono hii ni ndugu wa taa ya mezani. Kuna mhandisi wa Kiingereza anaitwa George Carwardine, kazi yake ilikuwa mifumo ya springi za magari huko mji wa Bath, mwaka 1932 akasajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mkono unaobaki pale pale ulipouacha kwa sababu springi zinakula uzito wote. Ndo ikazaliwa ile taa ya Anglepoise. Kwahiyo kila ukiona mtu anaisukuma monita yake kwa kidole pale ofisini, jua hiyo akili ilitoka kwenye gari. Leo wengine wanatumia springi ya chuma na wengine kale kabomba ka gesi, kama kale kanakoinua mlango wa nyuma wa gari.

Shida ni kwamba springi inataka uzito wake. Wengi tunaangalia kilo za juu tu, "huu unabeba mpaka kilo 9", safi, hakuna anayeuliza kilo za chini. Ergotron LX kwa mfano, ambayo ndo kama Land Cruiser ya mikono hii, ya kawaida wanakuandikia kuanzia kilo 3.2 mpaka 11.3, na hiyo 3.2 wameiandika kwa sababu. Ukifunga kioo chepesi mkono unakipeleka juu wenyewe, inabidi ulegeze skrubu ya springi kwa kile kifunguo cha umbo la L, na ukiilegeza mpaka mwisho bado kinapanda basi ujue umenunua mkono wa mtu mwingine. Mimi hili nililijua kwa kidevu. Nilifungua monita nikaitoa bila kuushusha mkono chini wala kuulegeza, ukafyatuka juu kama mtego wa panya, siku tatu naongea na watu kwenye vikao nimefunika mdomo kwa mkono wanadhani natafakari sana.

Halafu inachoka. Kama ni ya gesi, naitrojeni ikianza kupungua, kioo kinainama taratibu kama mzee anayesinzia kwenye hotuba, unakaza skrubu, wiki mbili kimeinama tena. Na hapo ndo ugomvi wangu ulipo hasa. Kikichoka hicho kabomba unakipata wapi? Muuzaji anauza mkono mzima, hana kipuri, na fundi wa mtaani nilimpelekea akaangalia akasema, "Bosi, hii tunaikata na grenda tuone ndani kuna nini." Nikamwambia fundi wangu we acha kabisa, hiyo imejazwa gesi kwa presha, ukiichana na grenda tutaonana kwa habari ya saa mbili usiku. Tafadhali na wewe unayesoma usijaribu.

Ndo nikahamia kwenye nguzo. Nguzo ni bomba la chuma limesimama juu ya meza, la kwangu lina kipenyo cha milimita 35, klampu chini, halafu kila kitu unachotaka unakivalisha kwa kola, yaani pete ya chuma inayozunguka bomba, unakaza bolti, basi. Haina ujanja wowote. Ukitaka kioo kipande unalegeza kola, unakishika vizuri (ita mtu akusaidie, usijifanye), unakipandisha, unakaza. Inachukua dakika tano na unafanya labda mara mbili kwa mwaka.

Utamu wake sasa ni kuongeza vipande. Nilianza na monita moja. Baada ya muda nikaongeza sahani ya laptopu pembeni. Halafu taa. Halafu maikrofoni ikahama kutoka kwenye stendi yake iliyokuwa inanilia nafasi ya kikombe, nikapata kaskrubu ka robo inchi, kale kanakoingia kwenye tundu la chini ya kamera, ambako kanakubali vitu vingi ajabu: kamera, taa za video, vishikio vya simu, hata rekoda. Juu kabisa ya nguzo nimefunga ruta kwa vile vibanio vya plastiki vya waya, na chini yake feni ndogo ya kuchaji, maana mtu wa Dar mwezi wa pili bila feni usoni hakuna kazi inayoenda, umeme uwepo usiwepo. Mwenye picha za madawati ya Ulaya mtandaoni hatakuonyesha feni hapo. Ila mimi nakwambia katika vyote nilivyoning'iniza, feni ndo imenifanya nifanye kazi masaa mengi zaidi kuliko kioo cha pili.

Na kipande kimoja kikiharibika ni hicho hicho kimoja. Kola imekatika? Unatafuta kola. Bolti imeisha meno? Duka la vifaa lolote.

Sasa kinachofanya mchezo huu wote uwezekane ni matundu manne nyuma ya monita. Yanaitwa VESA, ni kifupi cha jina la umoja wa watengenezaji walioweka huo utaratibu, na kwa vioo vyetu vya kawaida vipimo ni viwili tu: milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, skrubu M4 (unene milimita 4). Sahani nyingi, yaani kile chuma bapa kinachofungwa nyuma ya monita, zina yote mawili. Kwahiyo monita ya mtumba iliyotoka ofisi ya Uingereza, mkono uliotoka China na sahani iliyotobolewa Buguruni vinakutana bila kujuana na vinaingiliana. Nikifikiria hilo naona ni kitu kikubwa kuliko monita yenyewe, maana chaja za simu tu zimetusumbua miaka mingapi.

Kabla hujatoa hela geuza monita uangalie. Hizi za mtumba za ofisini, Dell na HP, nyingi zina matundu ila yamejificha nyuma ya stendi, unabonyeza kitufe stendi inatoka unayakuta. Zingine yamezama ndani, sahani haifiki, unahitaji vikombe vya kunyanyulia (vijibomba vifupi vinavyokaa kati ya sahani na monita) na skrubu ndefu kidogo. Kidogo! Ukiona skrubu inagoma kabla haijabana acha kulazimisha, ndani kule kuna vitu, na skrubu ya M4 iliyozidi urefu inaweza kwenda kusalimiana na kioo kwa nyuma. Monita za bei rahisi kabisa nyingine hazina tundu hata moja. Na za bei mbaya kabisa pia wana vituko vyao, iMac, ile kompyuta ya Apple iliyojengwa ndani ya kioo chake, kuanzia zile nyembamba za mwishoni mwa 2012 hazina hayo matundu mpaka uwe ulinunua toleo lake maalumu tangu dukani, na ile monita yao ya Pro Display XDR ya 2019 Apple waliuza stendi peke yake dola 999, na kale kasahani ka kuiunganisha na mkono wa kawaida dola 199. Dola 199 kwa matundu manne jamani.

Sahani yangu ya pili nilimpa fundi wa kuchomelea mtaani, yule yule wa grenda. Nikamchorea, nikaandika 100 kwa 100. Nikarudi jioni nakuta kazi safi kweli, imepigwa msasa, imepakwa rangi nyeusi, nikampongeza. Nikafika nyumbani skrubu mbili zinaingia, mbili hazitaki hata kusikia. Nikapima, 102. Nikarudi.

"Fundi, umezidisha milimita mbili."

"Bosi, milimita mbili sio kitu hizo. Geti la mtu naweka mpaka sentimita na linafunga."

"Hii sio geti kaka yangu."

Akacheka, akaongeza matundu yakawa marefu kama ya maharage, na hapo ndo nikajifunza kitu maana sahani ikawa bora kuliko ya kwanza, kioo kikikaa upande unakisogeza kidogo kinanyooka. Nikamkatia na kadibodi ya boksi yenye matundu halisi awe anaweka juu ya chuma na kugonga alama.

Kuhusu shingo sitaongea sana, wanaosema wameshasema, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, na kioo kiwe mbali kama urefu wa mkono wako. Ila kuna watu hiyo sheria inawaumiza. Shemeji yangu ni mhasibu, anavaa miwani ile ya sehemu mbili, akaja kwangu akaona, akataka na yeye. Tukamfungia, tukamnyanyulia kioo kitaalamu kabisa, baada ya wiki ananipigia, "Shem, mbona shingo inauma kuliko zamani?" Nikaenda kumuangalia anavyofanya kazi, kumbe anainua kidevu juu muda wote ili asome kwa kioo cha chini cha miwani, kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Tukashusha monita karibu iguse meza. Kwa huyo hata rimu ya karatasi chini ya stendi ilikuwa nyingi.

Na sisemi springi ni wizi. Kama mnagawana meza watu wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, asubuhi huyu jioni yule, nunua springi. Kama unachora na unakivuta kioo kije mpaka kifuani, au ni daktari anayemgeuzia mgonjwa aone picha, springi, tena nunua nzuri. Wengine wote, mnaoedit video, mnaoandika programu za kompyuta, mahesabu, watu wa huduma kwa wateja, mtaihamisha siku ya kwanza na siku ya kuhama nyumba.

Wiki iliyopita nimepita kwa yule fundi kuulizia kola nyingine, nataka kuning'iniza hedifoni. Nikakuta sahani tatu zimeegeshwa ukutani zinakauka rangi, na ile kadibodi yangu ameitobolea kona akaifunga kamba akaitundika kwenye msumari. Nikauliza za nani, akasema ni za jamaa wa ofisi fulani, wameambiana wenyewe kwa wenyewe. Bei amepandisha. Na mimi amenitajia hiyo hiyo mpya.