Maji moto na dawa za kupulizia: nani aachiwe mkorosho?

Kuanzia Juni hivi, mikorosho ya Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea inapochipua na kutoa maua, mashine za kupulizia huanza kunguruma mashambani tangu alfajiri. Kazi zinazofanywa na mashine hizo ni mbili. Kuna salfa, inayozuia ubwiri unga, na ubwiri unga ni ukungu. Halafu kuna viuatilifu vya kuua wadudu. Mjadala ninaoutaka hapa unahusu hivi vya pili: je, mkulima apulize kila mti kwa kufuata ratiba, au mti wenye maji moto, wale chungu wa mitini wanaowinda wadudu, auache mikononi mwao?

Tuanze na adui, kwa sababu wapo wanaomchukulia kirahisi. Mbu wa mikorosho hana undugu na mbu wa malaria. Yuko karibu zaidi na kunguni. Ni mwembamba, miguu mirefu, na ukimtazama kwa makini utaona kitu kama pini kimesimama mgongoni. Mdomo wake ni sindano. Huuchoma kwenye chipukizi laini, kwenye shada la maua au kwenye korosho changa, na kumwaga mate yenye sumu. Pale alipochoma panageuka weusi, na chipukizi hukauka kuanzia nchani. Mayai huyapachika ndani ya mmea wenyewe, yakabaki nyuzi mbili fupi zikichungulia nje kwa ajili ya hewa. Mtu anaweza kupita chini ya mti kila siku asiyaone. Kuna pia mwenzake mkubwa kidogo, yule anayeshambulia minazi, ambaye huhamia kwenye mikorosho na kuacha madoa kwenye kiini cha korosho.

Kwa hiyo anayetetea dawa ana hoja nzito. Korosho ni zao la msimu mmoja kwa mwaka, na kwa kaya nyingi za Mtwara na Lindi ndilo linalolipa ada, matibabu na bati la nyumba. Machipukizi yakikauka Julai, hakuna mnada wa Oktoba utakaoyarudisha. Dawa hufanya kazi haraka, haihitaji kubembelezwa, na mkulima anajua lini amepuliza. Chungu hawamhakikishii hivyo. Wanaweza kuwa wamejaa kwenye mti mmoja na mti wa jirani ukawa mtupu kabisa.

Lakini wakiwapo, kazi yao ni ya kustaajabisha, na nasema hivi kwa dhati. Maji moto hujenga kiota kwa majani mabichi. Kundi moja hushika kingo za majani mawili na kuzivuta zikutane, wengine wakiunganisha miili kama mnyororo pale jani lilipo mbali. Kisha wanakuja wenzao wakiwa wamebeba mabuu mdomoni. Buu hutoa hariri, na chungu humpeleka huku na huku kati ya kingo hizo mpaka zishikamane. Koloni moja yenye malkia mmoja inaweza kuwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, na askari wake hukagua matawi usiku na mchana. Mdudu akitua, wanamkamata na kumvutavuta kila upande, au anakimbia kabla hajachoma. Utafiti uliofanywa kwenye minazi ya Zanzibar tangu miaka ya 1950, na baadaye kwenye mikorosho ya Tanzania, umeonyesha jambo hilohilo: mti unaomilikiwa na maji moto hupata madhara machache ya wadudu hawa wanyonyaji.

Ugumu ni kwamba dawa haichagui. Nyingi zinazotumika ni za kundi la pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Sumu hiyo huvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya mbu wa mikorosho imeumbwa kwa namna moja na ya maji moto, nyuki na nzi, kwa sababu wote ni wa kundi moja kubwa la wanyama wenye gamba gumu nje na miguu yenye viungo. Kaa na kamba wa pwani yetu wamo humohumo, ndiyo maana dawa hizi ni hatari sana zikiingia majini. Na tazama wakati wenyewe. Tunapuliza mkorosho ukiwa na maua. Chavua yake inanata, upepo hauibebi vizuri, hivyo ua linategemea mdudu ili lizae korosho. Tukiwaua nyuki na nzi ili kuokoa mashada, tunapunguza korosho ambazo mashada hayo yangezaa.

Hata hivyo, wanaosema maji moto wanatosha wanavuka mpaka. Chungu hawagusi ukungu, hivyo salfa haina mbadala kwao. Hufuga vidugamba, wadudu wadogo wanaonyonya mti, na kuvilinda ili wapate utomvu wao mtamu, jambo linaloweza kuudhoofisha mti. Huhitaji njia ya kupita mtini hadi mtini, ilhali tunashauriwa kupanda kwa mita 12 kwa 12 ili matawi yasibanane. Hapo mkulima itabidi afunge kamba kati ya miti. Tena wana maadui: sisimizi wadogo wa ardhini, ambao askari wao wana vichwa vikubwa, hukaa chini ya shina na kuwafukuza. Na maumivu yao kila mchumaji anayajua. Wanang'ata kisha wanapulizia asidi kwenye kidonda. Afadhali korosho huokotwa chini, haipandiwi kama embe.

Msimamo wangu ni kwamba kupuliza kila mti kwa ratiba ni kosa, na kosa hilo linaanzia kwenye kuhesabu miti na lita za dawa bila mtu yeyote kuangalia juu. Wiki moja kabla ya mashine kuja, mwenye shamba azunguke mti kwa mti. Wenye viota vibichi na chungu wanaotembea matawini aufunge kitambaa, na vijana wa kupulizia waambiwe mti huo unapata salfa tu. Usio na chungu, wenye weusi kwenye machipukizi mapya, upulizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi. Naleta hili kwa maafisa ugani wetu na kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, pia: maelekezo yanayogawiwa pamoja na pembejeo za ruzuku yanapaswa kumwambia mkulima ni mti upi asiupulize.