Madaftari ya Astor na mipaka ya ushahidi wake

John Jacob Astor alipofariki New York mwezi Machi 1848, aliacha mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni 20, na kwa hesabu za wakati ule hakukuwa na tajiri wa kumfikia nchini Marekani. Aliacha pia makaratasi: madaftari ya mapato na madeni, barua za biashara, mikataba ya pango na hati za viwanja. Mengi kati ya hayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Baker ya Chuo Kikuu cha Harvard, na barua za American Fur Company, kampuni ya biashara ya ngozi za manyoya aliyoiunda mwaka 1808, ziko katika Jumuiya ya Historia ya New York. Wanaoyasoma wamegawanyika. Wapo wanaoyahesabu kuwa shahidi mkweli kuliko wote wa jinsi ubepari wa Marekani ulivyojengwa, na wapo wanaosema kwamba kuandika historia kwa kutegemea madaftari ya mlanguzi wa ardhi ni kumwachia mdai aiandike hukumu.

Kundi la kwanza lina hoja nzito. Mfanyabiashara aweza kumficha mtoza ushuru, akamhadaa mshindani, akajipamba mbele ya wageni, lakini hana faida yoyote ya kujidanganya katika daftari analolitazama kila siku ili ajue nani kalipa na nani bado. Bila kumbukumbu hizo tungebaki na simulizi za kijana wa mchinja nyama kutoka Walldorf, Ujerumani, aliyetajirika kwa bidii na bahati. Kwa kuzisoma tunaona mambo yasiyotajwa katika hotuba wala magazeti: ngozi za manyoya zilizotoka eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini zikiuzwa hadi Canton, nchini China, meli zikirejea na chai na hariri, na faida ikihamishwa polepole kununua mashamba ya kisiwa cha Manhattan kabla mji haujayafikia. Hapo Astor alipendelea kukodisha kuliko kuuza, mara nyingi kwa mikataba ya miaka 21. Mpangaji alijenga kwa fedha zake, mji ukapanuka, na mkataba ulipokwisha thamani yote iliyoongezeka katika ardhi ile ilikuwa ya mwenye kiwanja. Huo ndio utajiri wenyewe, na umeandikwa kodi kwa kodi.

Hata hivyo, tarakimu kuwa sahihi ni jambo moja, na haki iliyo nyuma yake ni jambo jingine. Chukua mfano wa ardhi ya kaunti ya Putnam, jimbo la New York. Roger Morris na mkewe Mary Philipse walinyang'anywa ardhi hiyo kwa sheria ya mwaka 1779 kwa sababu walibaki watiifu kwa mfalme wa Uingereza, na serikali ya jimbo ikawauzia wakulima. Lakini ilikuwapo hati ya ndoa ya mwaka 1758, ambayo ilisajiliwa baada ya vita vya uhuru wa Marekani kwisha, iliyosema kwamba wazazi walikuwa na haki ya kuitumia ardhi maisha yao tu, na kwamba baada yao ingekuwa ya watoto. Kilichotaifishwa, basi, kilikuwa haki ya wazazi peke yake. Mwaka 1809 Astor alinunua dai la warithi kwa pauni 20,000, ambazo ni kama dola 100,000. Alichonunua kilikuwa karatasi iliyohusu zaidi ya ekari 51,000, zilizokaliwa na familia zipatazo 700. Wakulima wale walikuwa wamelipia mashamba yao kwa serikali, wamefyeka msitu, wamezika wazee wao pale, kisha wakaambiwa kwamba hawana chao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, hati ikakubaliwa mwishowe, na jimbo likamlipa Astor takribani dola 500,000 ili wakulima wabaki.

Anayemtetea Astor atasema kwamba sheria ilifuatwa, hati ilikuwa halali, na aliyekosea ni serikali iliyouza kisichokuwa chake. Nakubali yote matatu. Lakini katika hesabu za biashara tukio zima linakuwa ununuzi na malipo, na hofu ya familia 700 kwa zaidi ya miaka 15 haina safu ya kuandikiwa.

Kwenye biashara ya ngozi jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa huko daftari lenyewe liligeuka kuwa njia ya kuchukua ardhi. Wawindaji wenyeji walipewa blanketi, baruti na mitego kwa mkopo msimu wa kupukutika majani, wakalipa kwa ngozi majira ya kuchipua. Bei ya blanketi na bei ya ngozi zote mbili zilipangwa na mfanyabiashara. Katika mkataba wa Machi 1836 na serikali ya Marekani, Waottawa na Waojibwe, makabila ya wenyeji hao, walipoachia zaidi ya ekari milioni 13 katika eneo la Michigan, dola 300,000 zilitengwa ili kulipa madeni yao. Astor mwenyewe alikuwa amejitoa katika kampuni mwaka 1834, lakini madaftari hayakujitoa. Mdai alithibitisha deni kwa kitabu chake mwenyewe, ambacho wengi wa wadaiwa hawakuweza kukisoma.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa wanaoshuku, ila si kwa kuyaweka kando madaftari hayo. Yakiachwa, aliyedhulumiwa hupoteza ushahidi pekee wenye tarakimu. Njia ipo ya kuyahoji. Kuanzia 1796 serikali ya Marekani ilikuwa na maduka yake ya kufanya biashara na wenyeji, likiwamo la Green Bay, nayo yaliuza bila kutafuta faida kubwa. Bunge liliyafunga mwaka 1822, baada ya kampuni ya Astor na washirika wake kuyapiga vita kwa nguvu. Hesabu za maduka hayo zimehifadhiwa pia, na katika miaka ambayo pande zote mbili zilifanya biashara mahali pamoja, bei ya blanketi ya serikali inaweza kuwekwa kando ya bei ya blanketi ya kampuni. Ulinganisho huo una kasoro zake: bidhaa za serikali zililalamikiwa kwa ubora, na maduka yale yalikuwa mazito kukopesha, ilhali mwindaji alihitaji mkopo ili apite msimu wa baridi. Sehemu ya tofauti ya bei, kwa haki, ni gharama ya mkopo na hatari yake. Inayobaki baada ya hapo ndiyo ya kuulizwa.