Mashine wima za kamari: kufufua rilei au kuweka bodi?

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1951, maarufu kama Johnson Act, ilibana usafirishaji wa mashine za kamari kati ya majimbo. Enzi hiyo Bally, Keeney na wenzao wa Chicago waliuza mashine za kabati wima, nyingi zisizo na mkono wa kuvuta wala mdomo wa kutema sarafu. Mshindi aliandikiwa michezo ya bure. Mwenye baa akamlipa mkononi, akabonyeza kitufe cha kuifuta, na mita ya ndani ikahesabu alichofuta. Ujanja wote wa kuficha kamari uko kwenye nyaya.

Ndiyo maana kung'oa nyaya hizo na rilei zake (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) na kuweka bodi ya elektroniki kunazua ubishi. Wanaotaka bodi si wavivu. Pointi za swichi ni mamia, na moja ikishika uchafu krediti (ile michezo ya bure) hazifutiki. Bila mchoro wa umeme, huku rangi za nyaya zimefifia, fundi anabahatisha tu.

Lakini mashine nyingi zinazoitwa mbovu ni chafu tu. Grisi ya zamani huganda kwenye kihesabio cha hatua (gurudumu linalohesabu kwa kusogea hatua moja moja), gurudumu lisirudi sifuri, swichi ya sifuri isifunge, na mota ikazunguka bila kukoma. Kifungue, safisha kwa spiriti, kisha paka grisi utando mwembamba. WD-40 isikaribie: hunasa vumbi, na cheche za swichi zinaweza kuiwasha. Pointi za fedha husafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti, maana msasa huzikwangua. Zikiwa wazi ziachane kama milimita 1.5, na zikigusana, ubapa wa swichi upinde kidogo, la sivyo zitarukaruka.

Koili (waya uliozungushwa kuwa sumaku ya umeme) ikiungua, usibadilishe koili peke yake. Tafuta swichi iliyoshindwa kuikatia umeme, kisha angalia kama kuna mtu aliyeweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Kamba ya umeme iliyokauka haina utetezi wowote, hata kwa wapenda asili. Balbu namba 44 (ampea 0.25) nazo ziipishe namba 47 (0.15), maana joto hubandua rangi ya kioo chenye michoro.

Penye mchoro, basi, sioni udhuru wa bodi. Pasipo na mchoro, na vihesabio vimevunjika, bodi ni halali, mradi iungwe kwenye plagi zilizopo bila kukata waya hata mmoja, na vifaa vilivyotolewa vibaki ndani ya kabati vikiwa na lebo.