Fundi, Twiga Bei Gani?

Watu wanadhani kuchonga ni kukaa chini ya mwembe, kugongagonga gogo na kusubiri Mzungu apite. Haya, njooni hapa Mwenge, Dar es Salaam, mkae nilipokaa mimi, juu ya kigoda, miguu imebana gogo, vumbi limejaa puani, na nyuma yako kasimama mtu hana hili wala lile anakwambia, "Fundi, hapo naona umekata sana."

We nani? Umetumwa?

Babu zetu Wamakonde kule Newala walikuwa wajanja. Barakoa za ngoma ya mapiko walikuwa wanachongea porini, kwa siri, mwanamke haruhusiwi kuona wala mtoto ambaye hajaingia jando. Utotoni tukaambiwa ni mila. Mila wapi! Wazee wale walikuwa wanakimbia washauri. Mimi nachonga kando ya njia, nashauriwa na muuza karanga, nashauriwa na kijana wa bodaboda aliyekosa abiria, na juzi nimeshauriwa na mama aliyekuja kuulizia choo. Akasema yule bibi ninayemchonga ana pua kubwa. Ni pua ya bibi yangu mzaa mama, lakini nikanyamaza, nikamwonyesha choo.

Na mpingo wenyewe hauna utani. Mti huo unakaa ardhini miaka 70, wengine wanasema hata 100, ndipo upate unene wa maana. Ukiutupa majini unazama. Sasa wewe na tezo lako la kuazima unataka umalizane nao kabla ya Ijumaa! Unaanza kutoa ganda, halafu ule mti mweupe wa nje, vipande vinaruka mpaka kwenye chai ya jirani, ndipo weusi unaanza kuchungulia. Hapo moyo unakudunda, maana gogo la mpingo halisemi lina nini ndani mpaka umeshalilipia. Mara nyingine unakuta ufa umekwenda mpaka katikati, mara nyingine katikati kwenyewe hakuna kitu, ni tundu tupu. Unainua kichwa umtafute dalali. Dalali kashapanda daladala.

Usisahau kunoa. Patasi inagonga kidogo tu, ishakuwa butu, unarudi kwenye jiwe. Na washauri wangu wanakuja muda huohuo wa kunoa, wakuulize, "Vipi fundi, leo hufanyi kazi?"

Nyumbani nako ni kesi. Vumbi la mpingo linawasha, mtu hakatai, lakini mke wangu kaligeuza shtaka la kila jioni. Wali ukiwa na mchanga, ni mpingo. Mtoto akikohoa, mpingo. Umeme ukikatika ananiangalia.

Kinachoniuma zaidi nikwambie? Mti huuhuu Wazungu wanatengenezea klarineti. Kwa hiyo gogo lililokatwa pori moja na la kwangu, kule Kilwa, limekwenda zake Ulaya, limeshikwa na bwana kavaa tai, watu wamekaa kimya wanalisikiliza, likimaliza wanasimama wanapiga makofi. Pacha wake yuko hapa Mwenge anaulizwa, "Mwisho ngapi?"

Maana hapa duniani kuna sanamu moja tu inayonunuliwa: twiga.

Mimi nachonga ujamaa. Gogo moja, hakuna kiungo wala gundi, watu wamebebana kuanzia babu chini mpaka mjukuu juu, huyu kashika mguu wa yule, yule kapakata mtoto, na katikati unatoboa mpaka mwanga upite. Kuna moja nimekaa nayo muda mrefu sana. Pale kwenye bega la bibi niliukuta utepe wa ule mti mweupe umeingia ndani ya weusi. Fundi mwenye haraka angeukwangua. Mimi nikauzungukia taratibu kwa patasi ndogo, nikauacha, ukawa ukingo wa kanga yake. Nikapiga msasa, nikapaka nta, nikasugua kwa kitambaa. Weee! Kanga ikang'aa, bibi akaonekana anataka kwenda harusini. Siku hiyo niliitwa kula sikusikia. Mke wangu akaja mwenyewe, akasimama, akaiangalia sana, akasema, "Mzuri." Nikavimba kichwa. Akamalizia, "Sasa angetulipia kodi."

Kaja mteja, kaletwa na dereva wake. Kaizunguka ile ujamaa, kaishika, kalamba kidole kasugua bibi kiunoni aone kama rangi ya viatu itatoka. Simlaumu, wapo wenzetu wanaopaka mti mweupe dawa ya viatu wakauza mpingo. Lakini kiunoni, bwana? Mbele ya wajukuu? Kidole kikatoka safi. Akatabasamu, akainyanyua, tabasamu likaisha. Ndege inamruhusu kilo 23, na humo ana viatu. Akageuka, akanyoosha mkono: twiga. Mwembamba, miguu kama njiti za kiberiti, ananiomba nimpunguzie. Nikapunguza. Dereva naye akabaki nyuma "kunisalimia", akasalimiwa na noti.

Basi nikafikiri yameisha. Jana mpwa wangu ananiletea simu: yule mteja katuma picha. Twiga kafika kwao na miguu mitatu. Anataka hela yake.

Sasa wazee husimulia kwamba miaka ya 1950 Mmakonde mmoja, Samaki Likankoa, mkono wa sanamu yake ulikatika, na badala ya kulia akaendelea nayo hivyohivyo, ikawa kiumbe cha ajabu, ikaitwa shetani. Wazungu wakaipenda kufa. Leo shetani ni mtindo mzima wa uchongaji, yamo kwenye makumbusho, na bei yake siyo ya kuuliza ukiwa umesimama.

Nimemwambia mpwa wangu amjibu kwa Kiingereza kizuri, chenye heshima. Amwambie alinunua twiga, akalipa bei ya twiga, tena ya kupunguziwa. Hivi sasa anamiliki shetani. Ile tofauti aitume kwenye namba hiihii.