Mhandisi wa Ukoo

Ukoo ukishachangia mahafali yako, ujue una deni. Joho halijarudi hata lilikokodiwa, Baba Mkubwa akapiga simu kutoka Mlandizi: "Mhandisi, pampu ya kisima imegoma. Njoo."

Kisheria mimi si mhandisi. Shahada ya umeme ya miaka 4 hainipi cheo hicho mpaka nisajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mafunzo kazini ni miaka mingine 3. Lakini hebu mweleze hayo mtu aliyetoa mbuzi.

Nikafika na mita yangu ya kupimia umeme, nikakuta majirani wameshapanga ndoo. Pampu ni ya nusu hosipawa, fezi moja, inaunguruma bila kuzunguka. Nikaanza kueleza habari za koili ya kuanzishia na jinsi mikondo miwili inavyopishana. Majirani wakaitikia kwa adabu, kama watu waliokaa msibani. Baba Mkubwa akatoa simu, akamwita fundi.

Akaja kijana aliyeishia darasa la saba, na bisibisi yake. Akakata umeme, akafungua kifuniko cha feni, akazungusha shafti kwa mkono. Laini. "Haijakwama. Basi ni kapasita, ile inayoipa mota nguvu ya kuanza."

Ndicho nilichokuwa naelekea kusema, ila bado nilikuwa kwenye utangulizi.

Akasoma kipimo ubavuni mwa kapasita: maikrofaradi 10. Akafunga mpya ya kiasi hichohicho, maana ukiweka kubwa koili inachemka, ukiweka ndogo mota inakosa nguvu ya kuanza. Pampu ikazunguka, maji hakuna. Pampu za aina hii haziwezi kuvuta zikiwa na hewa tumboni. Lazima zijazwe maji kwanza. Fundi bado anamimina kwa jagi, kizibo hakijarudi, Baba Mkubwa akawasha. Maji yakaruka yote, yakatua kwenye kanzu yake ya Ijumaa. Ndiyo maji pekee ambayo pampu ile iliyatoa siku hiyo.

Tukajaza upya, tukaziba. Wapi! Fundi akavuta bomba, akakagua ile valvu ya mwisho wake, inayozuia maji yasirudi kisimani: nzima. Hapo nikafunga jiwe kwenye kamba, nikapima toka pampu mpaka usawa wa maji. Mita 9, kiangazi kilikuwa kimeyashusha. Nikasema: kinachopandisha maji bombani ni kani ya hewa ya nje, na hata pampu ingekuwa kamilifu, kani hiyo inaishia kama mita 10.3. Ukitoa msuguano wa bomba na valvu, unabaki na 7 au 8. Hapa haitavuta hata tukeshe.

Baba Mkubwa akamgeukia fundi. "Eti?"

"Kweli, mzee. Ishushwe kisimani, ijengewe jukwaa."

"Ahaa! Sasa huyu ndiye anaeleza!"

Fundi akalipwa 20,000. Mimi, mtoto wa nyumbani, nikapewa wali kwa maharage. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi; kwenye wali sijui watakataje.

Fundi akinipita getini akaninong'oneza: "Bro, keshokutwa nina kisima Kibaha. Njoo na ile kamba."