Magugu kwenye ukoka: dawa ya kuzuia ina nafasi yake, lakini si ya kwanza

Machi ikikaribia, wenye bustani na viwanja vya ukoka Dar es Salaam huambiwa jambo lilelile: nyunyiza dawa ya kuzuia magugu kabla masika hayajaanza. Hoja ina uzito. Magugu ya jamii ya nyasi yanayoota upya kila msimu hutegemea mbegu, na pendimethalini, dawa inayojulikana sana katika kundi hili, hukaa juu juu kwenye udongo na kuzuia mzizi mchanga usikue. Kwa mwenye uwanja wa hekta nzima, kung'oa kwa mkono ni hesabu ya vibarua isiyoisha.

Tatizo linaanzia kwenye kalenda. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya kusini mwa Marekani, ambako mtu hupima joto la udongo na kunyunyiza linapokaribia nyuzi 13 mwishoni mwa baridi. Dar haina baridi hiyo hata Julai. Huku kinachoamsha mbegu ni maji na mwanga, na maji yenyewe huja mara mbili: masika, kisha vuli. Dawa ikinyunyizwa juu ya ardhi kavu na mvua ikachelewa, nyingi hupotea juani, isipokuwa umeimwagilia maji kidogo ikazama. Mvua ikiwahi, magugu yameshatokeza, na hayo haiyaui.

Wanaoipinga dawa husema: ukoka ukishonana, mbegu haipati mwanga. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tazama golini. Gugu linalotawala pale ni ndugu mwitu wa ulezi, Eleusine indica: shina jeupe lililobanwa bapa ardhini, masuke yaliyotawanyika kama vidole. Limeshamiri kwa sababu udongo umeshindiliwa na njumu, ukoka umeshindwa. Ukinyunyiza pale bila kuutoboa udongo, unazuia gugu na papo hapo unazuia vikonyo vya ukoka visishike mizizi kujaza kipara. Ndiyo maana pia dawa hii haifai kwenye bustani iliyopandwa juzi.

Lakini wapinzani nao hurahisisha mambo. Kushonana kunataka mbolea, maji ya kutosha lakini si kila siku, na mashine isiyokwangua. Kata theluthi moja tu ya urefu kila mara. Chini ya mwembe ukoka hautashonana hata ukiubembeleza, kwa kuwa unapenda jua. Bajeti ya shule ngapi inafika huko?

Kwa hiyo uwanja mkubwa wenye ukoka uliokomaa unaweza kunyunyiziwa mara moja, kabla ya masika, na kuachia mikono kazi ya vuli. Kurudia dawa ileile kila msimu ni kujitafutia usugu: huko South Carolina, mwaka 1973, gugu hilihili liliripotiwa kuishinda trifluralini, dawa ya kundi moja na pendimethalini. Na mtaro wako ukielekea kwenye bwawa au mto, usinyunyize karibu nao, maana dawa hii ni sumu kwa samaki.

Bustani ya nyumbani? Uma wa kutoboa udongo na asubuhi moja ya kung'oa kabla masuke hayajakomaa vinatosha. Kama kero yako ni ndago, usinunue kabisa: huchipua kutoka kwenye vijiazi vyake chini ya ardhi, na dawa hii haivigusi.